Daftari la Kipimo

Bwawa la Itumbili halikuzaliwa na mvua.
Lilizaliwa na kiu ya garimoshi.
Injini zilifika Tabora zikihema,
nyuma yao maili na maili za miombo na vumbi,
ndipo mzungu wa reli alipoliona bonde la mpunga,
akalipima kwa kamba,
akasema: hapa.

Bonde lilikuwa la bibi yangu, Kalunde.
Akalipwa shilingi kumi na mbili na blanketi la kijivu.
Blanketi tulilirithi.
Lilikuwa linawasha.

Wanaume walibeba udongo kwa karai,
ng'ombe wakazungushwa juu ya tuta kuushindilia,
siku tisini, posho unga wa muhogo,
na wimbo mmoja ambao babu alikataa kutufundisha,
kwa sababu, alisema, ulikuwa na majina ya watu ndani.

Masika ya kwanza maji yalipanda taratibu,
kama mgeni mwenye adabu:
kwanza majaruba, kisha kizingiti, kisha jikoni.
Bibi alikuwa amesahau jiwe lake la kusagia.
Au hakusahau.
Kwetu hilo halikuulizwa.

Baba yangu, Magohe, akaajiriwa kusoma kipimo,
nguzo ya chuma yenye tarakimu, imesimama majini
kama mtu anayengoja kuitwa.
Kila alfajiri, futi na inchi, kwa penseli.
Madaftari yake kumi na saba ninayo kwenye sanduku la bati:
*Futi kumi na nne. Upepo. Bata maji wawili.*
*Futi kumi na nne na inchi tatu. Injini mbili zimekunywa.*
*Futi kumi na tano. Mtoto wa kike amezaliwa.*
Huyo ni mimi.

Kisha garimoshi likajifunza kunywa mafuta,
na bwawa likapewa mji.
Mji ukaoga, ukafua, ukachemsha chai,
ukalalamika kwamba maji yana rangi ya chai
kabla hujatia majani.
Lakini ukanywa.

Mwaka wa ukame mkubwa baba aliandika *Futi mbili*
na hakuongeza neno.
Visiki vya mininga vikachomoza,
majaruba ya bibi yakaonekana, bado yamenyooka,
na pale jikoni, juu ya tope lililopasuka,
jiwe.
Bibi alikuwa haoni tena. Tulimshika mkono.
Akalipapasa, akalikuta lile bonde dogo
alilolichimba mwenyewe kwa mtama wa miaka mingi.
Wajomba wakataka kulibeba.
"Liacheni," akasema. "Limeshazoea."

Nilirithi penseli. Futi zikawa mita.
Nilisoma kipimo nikiwa na mimba,
nikiwa na malaria, nikiwa mjane wa siku nne,
maana mji hauachi kunywa kwa sababu umefiwa.

Halafu maji ya Nyanza yakaja,
chini ya ardhi, kwenye bomba, kutoka kule kaskazini,
meupe, yananuka dawa.
Kulikuwa na hotuba na turubai. Tulipiga makofi.
Nami nilipiga, kwa moyo:
mkwe wangu Milembe haamki tena saa tisa za usiku
kupanga ndoo.
Nyumba ya pampu ikatiwa kufuli.
Barua yangu ilikuwa na mistari miwili na muhuri.

Sasa bwawa halina kazi.
Vijana huvua kambale, maharusi huja kupigwa picha
wakiegemea nguzo ya vali, shela likishika kutu.
Tope linajaa chini, kila mwaka unene wa kiganja,
na hilo hakuna anayelipima.

Mimi bado naenda.
"Mwangaluka," naliambia, na chura mmoja hunijibu.
Daftari nalinunua mwenyewe, la shule,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Leo nimeandika:
*Mita tatu na nukta mbili. Upepo wa mashariki.
Bata maji wawili, si wale.
Jiwe halionekani.*